Injini safi: Ni nani atakayeuamuru moto uwake kwa wakati?

Fundi wa magari ya zamani, awe Gerezani jijini Dar es Salaam, Grogan jijini Nairobi au Katwe mjini Kampala, anajua kwamba injini ya petroli ikianza kugonga, tiba yake huenda ikawa jambo dogo tu: kulegeza distribyuta, kuizungusha kidogo kwa mkono, kisha kuusikiliza mlio. Kwa kufanya hivyo hubadilisha wakati ambapo plagi hutoa cheche. Katika magari ya siku hizi kazi hiyo imekabidhiwa kompyuta, lakini msingi ni ule ule: ipo cheche, na yupo anayeiamuru.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 40 watafiti wa Japani, Marekani na Ulaya wamekuwa wakiishughulikia injini ya namna nyingine. Moshi wake una masizi machache mno na gesi za sumu za naitrojeni kidogo sana, lakini haina cheche ya kuamrishwa. Mafuta yake huwaka yenyewe pale hali ya ndani ya silinda inaporuhusu. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo limewashughulisha wahandisi na wanahisabati kwa pamoja: ikiwa hakuna anayeuwasha moto, utajuaje utawaka saa ngapi?

Swali hilo si la wanamaabara peke yao. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 duniani mwaka 2019. Magari si chanzo pekee cha uchafu huo, lakini mijini moshi wake hutoka pale pale watu wanapotembea, wanapouza bidhaa zao na wanapolala. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa shirika hilo waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa husababisha saratani kwa binadamu.

Moto wa aina mbili

Ili kulielewa tatizo, hatuna budi kuanza na injini mbili tunazozifahamu. Ya kwanza ni ile ya mhandisi wa Ujerumani, Nikolaus Otto, aliyeikamilisha injini yake ya hatua nne mwaka 1876. Katika injini za petroli zilizotokana nayo, mafuta na hewa huchanganywa kwanza, pistoni huukandamiza mchanganyiko huo, kisha cheche ya plagi huuwasha. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa silinda nzima, mithili ya moto wa nyika unaosukumwa na upepo.

Ya pili ni ya Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi kwa mafanikio mjini Augsburg mwaka 1897. Hii haina plagi ya cheche. Pistoni huikandamiza hewa peke yake hadi iwe ya moto sana, ndipo nozeli inapomwaga mafuta ndani yake, nayo huwaka mara moja.

Injini hizi mbili zinatofautiana kwa mengi, lakini zinafanana kwa jambo moja muhimu. Katika kila moja kuna tukio ambalo mtu au kompyuta inaweza kulipangia wakati. Kwenye petroli ni cheche, na kwenye dizeli ni kumwagwa kwa mafuta. Ukitaka moto uwahi, unaiwahisha cheche au nozeli. Ukitaka uchelewe, unaichelewesha.

Kwa nini moshi unakuwa na sumu?

Uchafu wa injini hizi unatokana na namna zinavyowaka. Hewa tunayoivuta ina naitrojeni kwa zaidi ya robo tatu. Kwa kawaida gesi hiyo haina madhara wala haishughuliki na kitu. Lakini joto la moto likivuka takribani nyuzi 1,500 za Selsiasi, naitrojeni huanza kuungana na oksijeni kwa kasi, na kutengeneza oksidi za naitrojeni. Hizo ndizo zinazochokonoa mapafu na kuchangia ukungu wa moshi juu ya miji mikubwa. Katika injini ya petroli, sehemu zilizokwisha kupitiwa na moto hufikia joto hilo kwa urahisi. Gari la petroli huhitaji kichujio maalumu kwenye eksozi ili kuigeuza sumu hiyo kabla haijatoka.

Katika dizeli hali ni ngumu zaidi. Mafuta yanapomwagwa hayapati nafasi ya kuchanganyika vizuri na hewa. Katikati ya mnyunyizo panakuwa na mafuta mengi na hewa haba, na hapo huzaliwa masizi, yaani ule moshi mweusi unaoonekana nyuma ya malori yakipanda mlima. Pembezoni mwa mnyunyizo moto unakuwa mkali, na hapo huzaliwa oksidi za naitrojeni. Mara nyingi jitihada za kupunguza kimoja huongeza kingine.

Ugumu wa kuyasafisha haya ulidhihirika mbele ya dunia nzima mwezi Septemba mwaka 2015, pale Mamlaka ya Mazingira ya Marekani ilipotangaza kuwa magari ya dizeli ya Volkswagen yalikuwa na programu ya kompyuta iliyotambua yanapopimwa, na kupunguza sumu wakati huo tu. Kampuni hiyo ilikiri kuwa magari takribani milioni 11 duniani yalihusika.

Njia ya tatu

Wahandisi walijiuliza: itakuwaje tukichukua jema la kila upande? Tuchanganye mafuta na hewa mapema kama kwenye petroli, ili pasiwe na sehemu yenye mafuta kupita kiasi. Kisha tuukandamize mchanganyiko huo hadi uwake wenyewe kama kwenye dizeli. Na tuufanye kuwa mwepesi, wenye hewa nyingi au gesi za moshi uliokwisha kuungua, ili joto lisipande hadi kiwango cha kutengeneza oksidi za naitrojeni.

Mwaka 1979 Mjapani Shigeru Onishi na wenzake walieleza mwako wa namna hiyo katika injini ndogo za hatua mbili. Mwaka 1983 Paul Najt na David Foster wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani walionyesha kwamba unawezekana pia katika injini ya hatua nne, na wakaeleza kuwa unatawaliwa na kemia ya mafuta yenyewe. Mwaka 1989 mtafiti Robert Thring aliupa jina ambalo wahandisi wamelizoea kwa herufi nne, HCCI. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ni uwakaji wa mchanganyiko sawia kwa mgandamizo.

Katika injini hii hakuna moto unaosafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mchanganyiko huwaka karibu wote kwa pamoja, sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni oksidi za naitrojeni na masizi kidogo sana, na matumizi ya mafuta yanayokaribia ubora wa dizeli. Lakini kila kizuri kina gharama yake. Kwa sababu moto ni wa baridi kiasi, mafuta yaliyo karibu na kuta za silinda hayaungui yote, na kwa hiyo kaboni monoksidi na mabaki ya mafuta huongezeka.

Gharama kubwa zaidi ni ile tuliyoitaja mwanzoni. Cheche haipo. Nozeli imekwisha kufanya kazi yake mapema. Hakuna aliyebaki wa kuamuru.

Digrii chache, hasara kubwa

Wahandisi hupima wakati ndani ya injini kwa digrii za mzunguko wa krenkishafti. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika hupita digrii 9,000 katika sekunde moja. Maana yake ni kwamba kosa la digrii tano ni kosa la takribani nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kosa hilo dogo linatosha kuharibu mambo. Moto ukiwahi, pistoni ikiwa bado inapanda, mchanganyiko wote hulipuka dhidi yake. Shinikizo huruka ghafla, injini hugonga kwa mlio wa chuma, na ikiendelea hivyo pistoni huweza kutoboka. Moto ukichelewa, pistoni imekwisha kuanza kushuka, nafasi imepanuka na joto limeshuka. Hapo mafuta huungua nusu au hayaungui kabisa, nguvu hupotea na mabaki hutoka kwenye eksozi. Lengo ni kwamba nusu ya mafuta iwe imeungua digrii chache tu baada ya pistoni kufika juu kabisa.

Ni nini basi kinachoamua wakati huo? Kwanza ni joto. Tuchukue mfano. Tuseme mchanganyiko unaanza kukandamizwa ukiwa na nyuzi 127 za Selsiasi, kwa sababu umechanganyika na mabaki ya moto ya mzunguko uliopita. Pistoni ikiukandamiza hadi sehemu moja ya 14 ya ujazo wake, joto lake litafika takribani nyuzi 735. Sasa tuseme ulianza na nyuzi 137, yaani kumi zaidi. Mwishoni utafika kama nyuzi 760. Zile kumi zimekuwa 25.

Na kemia haipandi kwa ngazi sawa na joto. Mwanasayansi wa Sweden, Svante Arrhenius, alionyesha mwaka 1889 kwamba kasi ya mabadiliko ya kemikali huongezeka kwa kuzidishwa, si kwa kujumlishwa, kadiri joto linavyopanda. Kwa makadirio ya kawaida ya mafuta ya gari, tofauti hiyo ya nyuzi 25 huweza kuupunguza muda wa kusubiri moto kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana badiliko dogo la hewa inayoingia hugeuka kuwa badiliko kubwa la wakati wa moto.

Pamoja na joto kuna shinikizo, uwiano wa mafuta na hewa, kiasi cha moshi uliorudishwa ndani, na tabia ya mafuta yenyewe. Petroli yenye oktani ya juu hukawia kuwaka yenyewe. Dizeli huwahi.

Hesabu za kuutabiri moto

Kwa kuwa moto hauamriwi, umebaki kutabiriwa. Huo ndio mchango wa vielelezo vya kihesabu, ambavyo wengi huviita modeli. Modeli ni injini iliyoandikwa kwa hesabu: unaipa joto, shinikizo na aina ya mafuta, nayo inakueleza moto utatokea kwenye digrii ya ngapi.

Modeli zilizo kamili zaidi hufuata kemia hatua kwa hatua. Mafuta hayawaki kwa kuruka moja kwa moja kutoka petroli hadi maji na kaboni dioksidi. Molekuli huvunjika, vipande vyake huungana na oksijeni, na katikati ya safari hujikusanya kitu kinachoitwa haidrojeni peroksidi. Joto likikaribia nyuzi 700 za Selsiasi na kupita, hicho huvunjika kwa wingi na kutoa vipande vyenye uchu mkubwa wa kuungana na vingine. Hapo ndipo mlipuko unapoanza. Kwa gesi asilia, kemia hiyo inaweza kuelezwa kwa kemikali 53 na hatua 325. Lakini kwa isooktani, kemikali moja tu inayotumika kuwakilisha petroli, watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani walichapisha mwaka 2002 kielelezo chenye kemikali zaidi ya 850 na hatua zaidi ya 3,600.

Kuna pia suala la mahali. Ukiichukulia silinda kama chungu kimoja chenye joto sawa kila upande, utaweza kuutabiri vizuri mwanzo wa moto, kwa sababu moto huanzia penye joto zaidi katikati. Lakini utakosea mengine: utaona shinikizo kubwa kuliko la kweli, na hutayaona mabaki ya mafuta yasiyoungua kwenye kuta zenye ubaridi. Kwa hiyo watafiti huigawa silinda katika kanda kadhaa, kila moja na joto lake. Kumi au zaidi kidogo mara nyingi hutosha kutoa picha iliyo karibu na ukweli.

Tatizo ni kwamba hesabu za namna hiyo huchukua muda mrefu kwenye kompyuta, ilhali injini haisubiri. Gari linahitaji jibu kabla ya mzunguko unaofuata, yaani ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Mtungi unaojaa

Suluhisho moja lilitokana na kazi ya zamani. Mwaka 1955 watafiti wawili wa chuo cha MIT, Livengood na Wu, walitafuta namna ya kutabiri kugonga kwa injini za petroli. Walipendekeza jambo ambalo tunaweza kulifananisha na mtungi unaojazwa maji.

Katika kila hali ya joto na shinikizo, mchanganyiko una muda wake wa kusubiri kabla ya kuwaka. Muda huo ukiwa milisekunde 10, basi kila nusu milisekunde inayopita huujaza mtungi kwa sehemu moja ya 20. Pistoni ikizidi kupanda, joto huongezeka na muda wa kusubiri hupungua, tuseme hadi milisekunde moja. Sasa nusu milisekunde ile ile huujaza mtungi kwa nusu nzima. Unajumlisha sehemu hizo moja baada ya nyingine. Jumla ikifika moja, mtungi umejaa na moto unawaka.

Hesabu hiyo ni fupi, na kompyuta ya gari inaiweza. Lakini ilibuniwa kwa injini ya petroli, ikihitaji kujua joto la ndani ya silinda kila wakati, jambo ambalo ni gumu kulipima. Watafiti wa miaka ya 2000, miongoni mwao wale wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, waliirekebisha ili itumie vipimo vinavyopatikana kwa urahisi: joto na shinikizo la hewa inayoingia, kiasi cha mafuta, kiasi cha moshi uliorudishwa na kasi ya injini. Vigezo vya hesabu hupangwa kwanza kwa msaada wa modeli kubwa ya kemia, kisha hulinganishwa na injini halisi iliyofungwa vipima shinikizo.

Jambo jingine lililolazimu kuingizwa ni kumbukumbu. Mabaki ya moto wa mzunguko mmoja huupasha joto mzunguko unaofuata. Moto ukichelewa leo, moshi unaobaki ndani hubadilika joto, na moto wa kesho hubadilika nao. Kosa moja linaweza kuzaa jingine mpaka injini izimike au ianze kugonga. Modeli isiyokumbuka jana haiwezi kuitawala injini ya leo.

Kutoka utabiri hadi utawala

Utabiri peke yake hautoshi. Lazima uwepo mkono wa kurekebisha. Modeli ikiona kwamba moto utawahi, kompyuta inaweza kubadilisha wakati wa kufunga valvu ili mgandamizo upungue, au kupunguza mabaki ya moto yanayobakizwa ndani. Watafiti wengine, hasa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, wametumia mafuta ya aina mbili kwa pamoja, moja jepesi kuwaka na jingine zito kuwaka, na kubadilisha uwiano wake kulingana na mahitaji.

Safari ya kufika barabarani imekuwa ndefu. Kampuni ya Honda iliingiza pikipiki yenye mwako wa aina hii katika mbio za Granada hadi Dakar mwaka 1995, na miaka miwili baadaye ikauza pikipiki ya hatua mbili iliyoutumia katika sehemu ya kazi zake. Mwaka 2007 General Motors na Mercedes-Benz zilionyesha magari ya majaribio. Lakini ilikuwa mwaka 2019 ndipo Mazda ilipoanza kuuza gari la petroli ambalo sehemu kubwa ya mafuta yake huwaka kwa mgandamizo.

Na hapa pana funzo. Mazda haikuitupa plagi. Cheche yake huwasha moto mdogo, moto huo hupanuka na kuukandamiza mchanganyiko uliobaki mfano wa pistoni ya pili, na ndipo uliobaki unapowaka wenyewe. Kwa maneno mengine, baada ya miaka 40 ya kutafuta injini isiyo na mwamrishaji, wahandisi walimrudisha mwamrishaji kwa mlango wa nyuma.

Kwetu ina maana gani?

Injini ambayo wakati wake wa moto hutegemea joto na shinikizo la hewa huuhisi mwinuko wa nchi. Gari linalotoka Mombasa, kwenye usawa wa bahari, hadi Nairobi, takribani mita 1,700 juu, linakuta hewa ambayo shinikizo lake limepungua kwa karibu moja ya tano. Likitoka Muscat wakati wa kiangazi kupanda milima ya Oman, linakutana na mabadiliko ya joto na shinikizo kwa pamoja. Injini ya kawaida hurekebishwa kwa kusogeza cheche. Injini inayojiwakia lazima iwe na modeli iliyokwisha kufundishwa hali hizo, la sivyo itagonga pwani au itazimika bara.

Ubora wa mafuta nao una nafasi yake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza mwezi Januari mwaka 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyofungua mlango kwa vichujio vya kisasa vya moshi. Lakini kwa injini hizi mpya salfa si kila kitu. Mafuta yakichanganywa kinyemela na mafuta ya taa, tabia yake ya kuwaka hubadilika, na hesabu yote ya mtungi huharibika.

Wapo wanaouliza kama juhudi hizi zina faida katika zama ambapo magari ya umeme yanaongezeka kila mwaka. Swali hilo ni la haki. Jibu moja ni kwamba malori, jenereta, meli na mitambo ya mashambani bado vinategemea moto. Jingine ni kwamba magari mengi ya Afrika Mashariki huwasili yakiwa yamekwisha kutumika nchi nyingine, hususan Japani. Teknolojia inayouzwa leo Hiroshima itakuwa mikononi mwa fundi wa Gerezani baada ya miaka kadhaa.

Siku hiyo, fundi huyo akiisikia injini ikigonga hatakuta distribyuta ya kuzungusha. Atahitaji kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, na ufahamu wa kutosha kujua kwamba kipimo kimoja cha joto la hewa kilichoharibika kinaweza kuudanganya mtambo mzima juu ya wakati wa moto. Vyuo vya ufundi vinavyowafunza vijana leo vina sababu ya kuanza kulifundisha somo hilo sasa.